Boti Yetu Siku ya Kuhama

Mwezi uliopita nilikuwa Mikumi, nimekaa mgahawani kando ya barabara kuu nakunywa supu, mara likapita gari linavuta tela, na juu ya tela boti. Boti kabisa, ya faiba, nyeupe, injini imeinuliwa nyuma, inaelekea Iringa. Kijiko kilinidondoka. Mwenye mgahawa akaniuliza kama supu ina unywele.

Usicheke, rafiki yangu. Sisi tulikuwa na boti Kilosa, mahali ambapo bahari tuliiona kwenye ramani ya darasani. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Shamba lilipotaifishwa, meneja mzungu alifungasha haraka, na boti yake kuukuu, aliyokuwa akiivuta mpaka pwani kila likizo, akamwachia baba pamoja na tela lake. Baba aliipenda kupita kiasi. Kila Jumapili alipaka magurudumu ya tela grisi, akachomoa kizibo cha nyuma ili maji ya mvua yatoke, kisha akashusha injini ndani ya pipa la maji na kuiwasha. Ua wote ulinuka petroli, kuku wakakimbilia kwa jirani. Bibi, mama yake baba, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akamwuliza leo safari ni ya wapi, Unguja au Pemba? Mtoni tuliipeleka mara moja tu, kiangazi, ikakwama kwenye mchanga kabla haijalowa vizuri.

Kisha likaja agizo la kuhamia kijiji cha ujamaa. Bibi hakutaka. Kaburi la babu lilikuwa nyuma ya nyumba, na mihogo yake ilikuwa haijakomaa. Siku ya kuhama mgambo walifika asubuhi, wakaanza kuezua paa uji ungali motoni. Sikuwa nimewahi kushtuka vile: niliinua macho chumbani kwetu nikaona mawingu. Lori lilichukua majirani. Baba aliazima trekta, akafunga tela, akapakia mali yetu yote ndani ya boti: magunia ya mahindi, vyungu, kinu, kuku kwenye tenga. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja tu, kiti cha mbele chenye usukani. Baba akasema hicho ni cha Bibi, maana miguu yake ilikuwa imevimba. Mimi na mama tungepanda lori.

Bibi akaniambia, "Nishikie hapo, mjukuu wangu. Namuaga babu yako, nakuja."

Nikakaa kumshikia. Usukani ulizunguka vizuri mikononi mwangu, na kutoka pale juu niliwaona watoto wenzangu wakinitolea macho ya wivu kutoka kwenye lori lililokuwa likiondoka. Baba akawasha trekta, akageuka. "Bibi yako yuko wapi?"

"Kapanda lori," nikasema.

Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nashindwa kuelewa uongo ule ulitoka wapi, tena bila hata kumeza mate. Nadhani nilitaka kile kiti, basi.

Tulipofika kijijini lori lilikuwa limeshashusha watu. Mama alimwuliza kila mtu kuhusu Bibi, na wote wakasema walijua yuko nasi kwenye boti. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi. Upande ule tuliotoka, watu wakishaondoka, tembo na simba hawakawii kuingia. Baba alichomoa pini ya tela, akaiacha boti katikati ya njia na kila tulichokuwa nacho ndani yake. Mimi nikadandia juu ya madigadi ya gurudumu kubwa la trekta, hakunizuia. Njia nzima nilikuwa nalia, naye akadhani ni kwa huruma.

Tulimkuta amekaa katikati ya kuta zisizo na paa, anamenya muhogo. Nilimwamkia kwa sauti ya chini. "Marahaba," akajibu, kama siku zote.

Baba alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Huyu mtoto aliniambia umepanda lori."

Bibi akaweka muhogo chini, akanitazama. Nilijua leo nimekwisha.

"Mimi ndiye niliyemwambia hivyo," akasema. "Halafu nikaghairi. Mtoto usimguse."

Nilishtuka kuliko asubuhi walipoezua paa. Njiani alinipakata juu ya trekta, na hakunitajia uongo ule, siku ile wala miaka yote aliyoishi baadaye.

Nyumba ile sasa ni pori, na kaburi la babu sina hakika ningelitambua. Boti iliishia kuwa hori la kunyweshea ng'ombe wa kijiji, ikapasuka, watoto wakachezea vipande. Baba alifariki akiamini kwamba siku ile mama yake alikuwa na ukaidi wa kizee tu. Kila wageni walipokuja aliwasimulia kisa cha Bibi aliyeghairi lori, nao wakacheka mpaka machozi, na Bibi akacheka pamoja nao. Mimi nilikuwa nawamiminia chai.