Maziwa ya Shangazi

Kabla sijaolewa liliulizwa swali moja tu: nilinyonya ziwa la nani. Hakuulizwa mwingine ila shangazi yangu, dada wa baba, ambaye pia ndiye mama wa mwanamume aliyekuwa akinichumbia. Sisi Waislamu wa Tabora mjini, tuliokaa hapa tangu babu zetu walipofika na misafara, tunaoana binamu kwa binamu na watu wanafurahi. Lakini watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu, hata kama walizaliwa matumbo mawili, na hawaoani mpaka kiama. Kwa hiyo kila posa inapoletwa, lazima maziwa yahesabiwe.

Shangazi ndiye aliyekuwa mhesabuji wa mtaa mzima. Aliketi mkekani, akakunja vidole kimoja kimoja: nani alijifungua mwaka gani, nani aliugua akalazwa, nani alishikiwa mtoto na jirani. Wanawake walitoka hata mtaa wa pili kuja kumuuliza. Siku ya posa yangu alimaliza vidole akasema, "Huyu kanyonya kwa mama yake tu." Nikaolewa na mwanawe mkubwa.

Habari za damu hazikuulizwa na mtu. Leo nikikumbuka nakasirika, halafu najiuliza nimkasirikie nani, maana hata mimi sikuuliza.

Mtoto wetu alipofika miezi tisa, mikono yake ilivimba kama maandazi. Wakasema ni jicho baya, tukamfunga hirizi. Uvimbe ukaisha, ukarudi miguuni. Kisha asubuhi moja ya mwezi wa sita, wakati baridi ya Tabora inapouma kwelikweli, akapata homa. Nilifanya kama mama yeyote wa huku anavyofanya, kwetu homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine: nilimvua nguo nikamwogesha maji ya baridi. Alilia kilio ambacho sijakisahau. Nilidhani analia kwa deko. Hospitali, muuguzi wa makamo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia taratibu kwamba baridi ile ndiyo iliyomfungia damu kwenye mifupa. Nilitamani anitukane, kuliko upole ule.

Walimpima, wakatupima na sisi. Mtoto ana selimundu. Mimi na baba yake hatuumwi, lakini kila mmoja wetu ameibeba.

Mimi ni fundi cherehani, na muuguzi yule alipojua hivyo alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Mwili, alisema, unashonwa kwa kufuata mchoro. Kila kipande kina karatasi mbili za kukatia, moja ya mama na moja ya baba, na karatasi hiyo ndiyo jeni. Zamani sana, mtu mmoja alipokuwa akiumbwa tumboni, karatasi ya kutengeneza damu ilinakiliwa kwa kosa dogo, kama mkasi ulioteleza. Mwenye karatasi moja mbovu na moja nzima haumwi. Tena malaria haimuui kirahisi, ndiyo maana kosa lile halikufa katika nchi hizi zenye mbu. Lakini mtoto akipewa karatasi mbovu na mama, na mbovu nyingine na baba, chembe zake za damu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo.

Nilimwelewa upesi kuliko nilivyotaka. Niliwahi kunakili mchoro wa shati la shule, kalamu ikapinda kidogo kwapani. Karatasi ya kwanza nikaipoteza, nikaendelea kunakili ile iliyopinda. Mwaka mzima nilikata mashati yanayobana kwapa, na kila shati nililaumu kitambaa.

"Na mtoto wa pili?" nilimuuliza.

"Kila mimba, mama. Kila mimba ina hatari ya robo, haijali ya kwanza ilikuwaje."

Hatujazaa tena. Mtoto wetu sasa ana miaka sita. Anameza vidonge vyake kila siku, anavaa soksi hata jua likiwaka, na anajua kuniambia "mama, imeanza" kabla sijaona chochote. Nyumbani tunaishi kwa kuisubiri sentensi hiyo.

Ndiyo maana mdogo wangu wa kike alipochumbiwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, moyo ulinilipuka. Ni nyumba zilezile mbili. Wazazi wetu wote wawili walikwisha fariki, kwa hiyo aliyemlea mdogo wangu tangu ana miaka kumi na mbili ni mimi, na aliyekuwa walii wake wa kumwozesha ni baba mkubwa, kaka wa baba na wa shangazi. Shangazi alihesabu vidole vyake kama kawaida, akasema maziwa ni safi. Nikaha ikapangwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo nayo iliangukia mwezi wa sita.

Niliwashika wachumba wenyewe nikawapeleka kupimwa. Hawakukataa, nadhani walitaka kunituliza. Majibu yalitoka Jumamosi, siku sita kabla ya ndoa. Wote wawili wameibeba.

Tulisimama nje ya maabara, kila mtu na karatasi yake. Shemeji ndiye aliyeanza.

"Watatu kati ya wanne wanakuwa salama, shemeji. Hapo hata mfanyabiashara angeweka mtaji."

"Hakuna wanne," nikamwambia. "Anazaliwa mmoja, unamwangalia mikono. Halafu anazaliwa mwingine, unamwangalia mikono."

Mdogo wangu alikunja karatasi yake mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama hirizi. "Dada, unataka nisizae au unataka nisiolewe na huyu?"

"Nataka usije kukaa kwenye kile kiti cha wodini ninachokaa mimi."

"Mbona wewe unakaa na hujafa?" akasema. Kisha akalia, akaniomba radhi, akasema wataoana. Walipendana, sitawasingizia. Lakini nilikuwa nimemwona mwanangu akiuma mto, na wao hawakuwa wameona; walikuwa wameletewa habari tu.

Nikaenda kwa baba mkubwa. Akaitisha kikao Jumanne baada ya alasiri, nyumbani kwa shangazi.

Siku hiyohiyo asubuhi mwanangu aliniambia imeanza. Hospitali walimpa dawa ya maumivu, wakamtundikia maji, na mchana wakaturuhusu. Sikuwa na wa kumwachia, nikamlaza chumba cha ndani cha shangazi, nikamfunika blanketi mbili. Kati ya chumba hicho na sebule palikuwa na pazia tu. Kikao kizima kilifanyika huku tukimsikia akigumia.

Nilieleza yote, karatasi mbili, mkasi, robo. Baba mkubwa alisikiliza akichezea tasbihi.

"Kwa hiyo unasema ukoo wetu una ugonjwa."

"Nasema tuna mbegu yake, baba. Mbegu moja haina neno. Tatizo ni kuzikutanisha."

"Mtoto ni riziki, anayetoa ni Mungu."

"Na mbu je? Tunaachia Mungu, au tunafunga chandarua?"

Nilijua nimevuka mpaka kabla sijafunga mdomo. Baba mkubwa hakupandisha sauti. Alisema watu wamekwisha alikwa kutoka Sikonge na Nzega, mchele umenunuliwa, na ukoo hauwezi kusimama barazani kuutangazia mji kwamba damu yake ina kasoro. Nani atakuja kuoa tena nyumba hii? Nikamjibu mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema methali hazivunji ndoa. Akawageukia wachumba, wakasema wao wako radhi. Basi, akasema, wenyewe wameridhika, kimebaki nini?

Nyuma ya pazia mwanangu aliita "mama," nikashindwa kuinuka. Nilihisi nikitoka pale nitakuwa nimekubali.

Shangazi alikuwa amekaa karibu na pazia, uso ameuelekeza huko.

"Mimi nimebakiwa na neno," akasema. "Ndoa hii haiwezi kufungwa. Huyu binti nilimnyonyesha."

Shemeji yangu alicheka kidogo, kama mtu anayesubiri mzaha umalizike. Shangazi hakumtazama.

"Mama yao alilazwa kwa homa, huyu ana miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimezika binti yangu wiki ileile, maziwa bado yapo. Mnakumbuka msiba ule."

Walikumbuka. Baba mkubwa aliweka tasbihi chini. "Mara ngapi?"

"Siku tatu, mchana na usiku. Zaidi ya mara tano, kama ndiyo idadi ya sheria unayouliza."

"Na mwezi uliopita ulituambia nini, dada yangu?"

"Nilisahau. Nimezeeka."

Hakukuwa na la kubishania. Kosa la damu lilikuwa jambo la hospitali, lakini maziwa ni sheria, na hata shaka ya maziwa inatosha kumfanya mcha Mungu arudi nyuma. Baba mkubwa alisema posa imevunjika, hakuna wa kulaumiwa, na hawa wawili tangu leo ni kaka na dada. Mimi ndoa yangu haikuguswa, kwa kuwa aliyetajwa kunyonya alikuwa mdogo wangu peke yake. Mdogo wangu alivuta mtandio ukamfunika uso. Shemeji alitoka nje bila viatu.

Mimi nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Furaha ilinijaa mpaka nikainamisha kichwa wasiione.

Nikaingia chumbani kwa mwanangu. Haikupita muda shangazi akaja na mafuta ya moto kwenye kibakuli, akaketi upande wa pili wa kitanda, akaanza kumkanda miguu. Alimkanda kwa ufundi, kuanzia gotini kushuka, akipita mbali na pale panapouma bila kuonyeshwa. Nikamuuliza amejifunzia wapi.

"Nimezika mabinti wawili," akasema. "Mmoja alifika mwaka, mwingine miaka mitatu. Mikono yao ilikuwa hivihivi."

Nilijua alizika watoto. Wakati tunakua tuliambiwa ni degedege.

"Shangazi," nikasema, "kumbe ni kweli ulimnyonyesha mdogo wangu?"

Alichovya vidole kwenye mafuta, akashika mguu wa pili.

"Mama yako alimtuma jirani aniletee mtoto. Mtoto analia njaa, mimi kifua kimejaa, nguo imelowa. Nilikataa kumpokea. Walimpa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Mama yako alipotoka hospitali hakunisemesha miezi miwili, akaniona nina roho mbaya."

"Kwa nini ulikataa?"

"Binti wa kwanza nilimnyonyesha, akavimba mikono, akafa. Wa pili hivyohivyo. Nikajua ni maziwa yangu. Watoto wa kiume walipopona nikasema basi ubaya wake ni kwa mabinti. Ningempaje binti wa kaka yangu sumu ile? Siku tatu nilikuwa nakwenda nyuma ya choo, nakamulia ukutani."

Ndipo nilipoelewa ule ujuzi wake wa vidole. Miaka yote ile mtaa ulidhani anahesabu maziwa kwa ajili ya sheria. Alikuwa anahakikisha hakuna mtoto wa mtu aliyepata kuguswa na yake.

"Umesema uongo mbele ya kikao," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Nitaujibu mwenyewe nikiulizwa. Wewe uliwaambia ukweli, wamekusikia?"

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena mkekani. Wanawake wakawa wanasema, yule bibi kasahau ziwa aliloweka mdomoni mwa mchumba wa mwanawe mwenyewe, atakumbuka la nani? Wanamtania usoni, na yeye anacheka nao. Mdogo wangu alikaa mpaka mfungo wa Ramadhani ukaisha ndipo akamsalimia. Baadaye aliolewa Nzega na mtu aliyekubali kupimwa kwanza, akakutwa hana mbegu hiyo, na sijamweleza mdogo wangu kilichotokea kweli. Alikuwa na haki ya kuchagua, na tulimnyang'anya, mimi kwa kunyamaza. Siku akijua anaweza kunichukia. Hilo nalikubali kuliko kumwona kwenye kile kiti cha wodini.

Lakini jioni ile chumbani sikuwa nimefika kwenye mawazo hayo. Mwanangu alikuwa ameanza kusinzia. Shangazi alijifuta mafuta mikononi, akauliza bila kuniangalia, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua.

"Pale kikaoni ulisema inatoka kwenye damu. Nusu ya mama, nusu ya baba."

"Ndiyo, shangazi."

"Tangu tumboni. Kabla mtoto hajanyonya."

"Kabla hajanyonya."

"Kwa hiyo maziwa."

"Maziwa hayakuwa na kitu, shangazi. Yalikuwa maziwa mazuri."

Aliitikia kwa kichwa. Alichukua kibakuli akainuka, akafika kwenye pazia, akasimama pale amenipa mgongo.

"Sema tena," akasema.