Pampu Nyeupe Niliyoivaa Bila Kuisuuza

Nitasema mwenyewe, maana hata nikinyamaza, kuanzia Tororo mpaka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, wameshasema. Mimi Ochwo, mzee mzima, mwosha kuta wa siku nyingi, niliwajaza watu moshi wa sumu kwenye mafunzo, halafu mimi huyo huyo mwalimu nikawa wa kwanza kukimbia.

Lakini ngoja niwaambie kwanza hayo mafunzo yalitoka wapi, msije mkafikiri tuliletewa na watu wa mradi. Zamani kazi yetu ya kuosha nyumba kwa nje, kuta, mabati, vioo, hakuna aliyeisomea, ukiwa na ngazi na brashi na ndoo basi wewe ni kontrakta (mimi mwenyewe shule niliacha darasa la tatu, mimi na hesabu tulishindwana). Halafu mashine za presha, za kurusha maji kwa nguvu, zikaanza kuvuka mpaka, na kila mtu akaharibu nyumba ya mtu. Mimi nilibandua rangi ya duka zima pale Busia, ukuta ukabaki kama ndizi iliyomenywa. Ndipo rafiki yangu Barasa, Mkenya wa Busia, akatuita watu watano nyuma ya nyumba yake, akawasha mashine, akabandua rangi ya ukuta wake mwenyewe makusudi, mke wake amesimama anamtazama mikono kiunoni, akatuambia, "Mmeona? Ukisogea karibu hivi, umeharibu. Rudi nyuma." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo ya kwanza. Hakuna cheti, hakuna mgeni rasmi, tulikunywa uji tukaenda. Mwaka uliofuata tukafanya kwangu Tororo, halafu kwao tena, zamu kwa zamu, mpaka yakawa na turubai na viti vya kukodi, na watu wanatoka Bulumbi, wanatoka hata Tiira kwenye mashimo ya dhahabu (mtu amechoka kuchimba, anataka kushika brashi).

Sasa sisi wa Tororo tuna vumbi la kiwanda cha simenti. Linatua juu ya nyumba, mvua inanyesha, linaganda, na kulitoa ni asidi. Wenzetu wa upande wa Kenya wanasumbuliwa na ukoga wa kijani, huo wanautoa kwa klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe lakini kali zaidi. Hizo dawa mbili zikikutana zinatoa moshi wa kukaba koo, kila mtu wa kazi yetu anajua. Ndiyo maana binti yangu Athieno aliweka sheria: pampu za mgongoni za asidi tuzipake rangi nyekundu, za klorini nyeupe, na mtu asichanganye.

Athieno ndiye amerithi kazi yangu, na mwaka jana walimchagua kuongoza mafunzo, mwanamke wa kwanza. Wapo wanaume walionung'unika, wa huku na wa huko. Walisema wazi, tutaangalia mara hii moja tu, mafunzo yakiharibika kila upande urudi kwake ujifundishe wenyewe. Asubuhi ya mafunzo, pale kwetu Tororo, akanifungia vifungo vya ovaroli, akaniambia, "Baba, leo nakuomba usinisaidie sana." Nikacheka. Banange, nilicheka!

Asubuhi Barasa akafundisha ukoga, vizuri kabisa. Mchana tukala, wali na maharage, watu wakalegea. Zamu yangu ya simenti ikafika, nakwenda kuchukua pampu yangu nyekundu, mkanda umekatika. Pembeni ya ukuta pana pampu nyeupe ya akina Barasa. Naitikisa, chini kuna dawa kidogo inacheza. Bomba la maji liko kule nyuma ya jiko, watu wameshakaa wananisubiri, mmoja tayari anakoroma, nikasema moyoni, hiki kidogo kitafanya nini? Nikamimina asidi juu yake, nikafunga kifuniko, nikavaa mgongoni kama mtoto, nikaingia chini ya turubai (lilikuwa limezibwa pande tatu kwa sababu ya upepo, nalo hilo lilitumaliza) nikaanza kuhubiri.

"Msiogope asidi," nawaambia, "asidi inamjua mwoga!"

Nikavuta mpini mara mbili, nikanyunyizia jiwe la simenti tulilowekewa mezani. Nikasikia kitu kinanichoma pua. Nikageuza kichwa, naona moshi wa rangi ya kijani hivi, kama njano, unatoka kwenye kifuniko na kunishukia begani. Miaka yote nimefanya kazi hii sikuwahi kuuona kwa macho. Kumbe kidogo kile kilikuwa kama robo ya pampu!

Hapo mwalimu anafanya nini? Anawatoa watu. Mimi nilivua pampu, nikaitupa pale pale katikati yao, nikaruka viti, nikapiga teke sufuria ya maharage, gambuti moja ikabaki nyuma, na sikusimama mpaka barabarani. Nyuma yangu nasikia makelele na kukohoa. Nilipogeuka nikamwona Athieno, kitambaa kichafu mdomoni, anaingia mle mle nilimotoka, anatoka amembeba Mama Nabwire, mwosha vioo wa Bulumbi mwenye goti bovu, ambaye mimi nilimruka. Nilimruka, jamani. Kama kizingiti.

Tukamlaza kwenye hewa, akawa anakohoa mpaka machozi, watu wamemzunguka. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo: "Ni dawa ya Wakenya! Imeoza hiyo!"

Barasa alinitazama kama hanijui. "Mzee Ochwo, unaniambia mimi? Dawa yetu tumenyunyiza tangu asubuhi, nani amekohoa?"

"Wakenya mnajifanya mnajua kila kitu!" mmoja wetu akadakia.

"Na nyinyi mnajua kukimbia tu! Mwalimu wenu ana gambuti ngapi?" wakajibu wa kwao.

Mara Wakenya wameanza kupakia mashine kwenye pikapu. Ngazi juu, mipira juu. Barasa anakunja mpira wake polepole, haniangalii. Nikaona kweli yanaisha, yale tuliyoanza watu watano na uji, na yanaishia mikononi mwa mtoto wangu kwa sababu ya mdomo wangu.

Athieno akaja, macho mekundu. Hakupiga kelele. "Baba, pampu uliyovaa ni ya rangi gani?"

Ilikuwa imelala pale, kila mtu anaiona. "Nyeupe."

"Uliisuuza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Pikapu imeshawashwa. Nikamwangalia mama yule chini, kifua kinapanda na kushuka.

"Sikusuuza," nikasema. "Niliona uvivu. Dawa ya Barasa haina kosa."

Halafu Athieno akageukia watu, akasema kwa sauti ya kuwatosha wote, "Kuanzia leo baba yangu hafundishi dawa. Atakaa na wanaoanza." Mimi nilifikiri atanitetea kidogo! Mshtuko wa moshi ulikuwa mdogo, huu ulinipiga kifuani. Lakini nikasikia injini ya pikapu imezimwa. Barasa akashuka, akamwambia, "Mwenyekiti, sisi wa Busia tushushe vitu wapi?" Na wale walionung'unika wakaanza kushusha ngazi.

Mama Nabwire alipelekwa zahanati, akarudi jioni na sauti ya mkwaruzo. Nilimpigia magoti. Akasema, "Ochwo, siku nyingine ukiruka, niruke na unibebe."

Mafunzo yaliyofuata yalikuwa Busia. Nilikaa mbele kabisa na wanaoanza, mvi zangu zote, ninaonyeshwa jinsi ya kusuuza pampu na msichana aliyeshika brashi mwezi uliopita, na alipouliza nani anajua hatari ya kutosuuza, watu wote walinigeukia mimi. Nikasimama. Nikasimulia kila kitu, mpaka maharage. Nimejiapia kwamba mtu yeyote anayeingia kazi hii atayasikia kutoka kwangu kabla hajashika pampu, hata akicheka. Acha acheke. Mama Nabwire alikuwa amekaa nyuma, bado anakohoa kidogo, na kila akikohoa nilikuwa napoteza neno.