Pistoni Nilizozipunguza

Nilikuwa fundi wa malori Bagamoyo, na nilijiona sana. Ufundi niliupata jeshini wakati wa vita, na niliporudi hapakuwa na mtu pale mjini wa kuniambia spana ipi iende wapi. Nayasema haya mapema kwa sababu aibu ninayotaka kuieleza ilianzia hapo, kwenye kujiona.

Katika miaka ya hamsini mzee mmoja wa Kipemba, aliyehamia kwetu kununua mbata na mahindi, aliniletea lori lake la dizeli. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha na injini inakula oili. Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta ringi, na kwenye gereji moja kubwa nikaona injini ya kuzalisha umeme iliyofungwa kitu nisichowahi kukiona: kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho kinaisukumia hewa ndani kwa nguvu. Siku hizi kila dereva anaijua turbo. Mimi siku ile nilisimama pale mpaka fundi wao akaniuliza kama nimepotea. Akanieleza kwamba injini ya namna ile hupunguzwa kompresheni kwanza, yaani ule mbano wa hewa ndani ya silinda, maana hewa ya kusukumwa ikikuta nafasi finyu itapasua vitu. Za malori nazo zitakuja, akasema, ila hajui lini.

Hilo la hajui lini nililiacha hukohuko. Wazee walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa, na mimi nilikata. Kwa kuwa injini ilikuwa imeshafunguliwa, nilizipeleka pistoni kwa mchonga vyuma akazipunguza vichwa. Nikaweka gasketi mbili badala ya moja ili nafasi ya hewa ipanuke, na pampu nikailegeza imwage dizeli zaidi. Mzee sikumwambia. Nilitaka siku turbo itakapofika niifunge kwa saa moja tu, lori liruke, na mji mzima unitaje.

Injini ya dizeli haina plagi; huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Yangu ilikuwa haibani vya kutosha. Asubuhi lori lilisukumwa na watu sita ndipo liwake, na likiwaka linatoa moshi mpaka wauza samaki wanafunika matenga yao. Nikawaambia watu injini mpya ndivyo zilivyo, itazoea.

Dereva wa lori lile alikuwa Mnyamwezi, ambaye babu yake alifika pwani na pembe za ndovu kichwani asirudi tena kwao. Mimi ni Mzaramo. Makabila yetu ni watani: tunatukanana hadharani, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Sisi wawili tulitukanana kila siku ya Mungu. Alikuwa mtu wa swala tano, hata togwa iliyolala alikuwa haigusi.

Safari yake ya pili, akitoka Mkange na mahindi, lori lilishindwa kupanda ukingo wa Ruvu baada ya kuteremka kwenye kivuko. Ilibidi washushe magunia yote na kuyapandisha juu kwa vichwa. Alipofika dukani kwa mzee alinikuta barazani nakunywa kahawa na watu.

"We Mzaramo," akasema, "injini hii umeila mapafu? Nilikupa mgonjwa, umenirudishia maiti."

Alikuwa amepatia. Ameisikiliza njia nzima akajua kilichopungua, na akanieleza kwa njia ambayo mtani humweleza mtu ukweli bila kumvunjia heshima. Nilitakiwa nicheke, kisha nimvute pembeni nimkirie. Badala yake nikajibu kwa sauti:

"Mpagazi huyu, kitu asichobeba kichwani hakiwezi. Kalewa huyu, kalala na mguu juu ya klachi."

Baraza zima lilicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mzee wa Kipemba hakucheka.

Kesho yake aliniita. "Fundi, kwetu mtu hamwambii mwenzake mlevi kwa mchezo. Ulisema kweli?"

Neno moja lingetosha, nimwambie ni utani. Lakini nikisema ni utani, ataniuliza lori limeshindwa kwa nini, na jibu la hapo lilikuwa mikononi mwangu. Nikasema, "Mimi sikuwepo Ruvu, mzee."

Akamwachisha dereva kazi siku ileile.

Dereva alinifuata gereji. Alikuwa bado anatabasamu. "Mtani, nenda kamwambie mzee wako yale yalikuwa mchezo wetu. Watoto wangu wanakula kwa lori lile." Nikamwambia nitakwenda baada ya swala ya alasiri. Alasiri ile ikapita, na zilizofuata zikapita, na mimi nikawa nabadili njia nikimwona kwa mbali.

Nikafanya jingine, baya zaidi. Nilinunua pistoni mpya, nikaifungua injini peke yangu, nikarudisha gasketi moja na kuikaza pampu. Mzee nikamwambia nasafisha nozeli za dizeli. Lori likawaka kwa mguso mmoja. Dereva mpya akapanda Ruvu na magunia yake yote, na mzee akanishika mkono mbele ya baraza. "Kumbe kweli ni yule mlevi," akasema. Mimi nikaitikia, "Alhamdulillahi." Naona haya hata kuliandika.

Neno la ulevi likaenea, na hakuna mwenye lori aliyemtaka tena mtani wangu. Akaenda Makurunge kulima shamba la watu. Mzee naye akarudi Pemba, nisiwe tena na wa kumwambia hata kama ningepata moyo.

Miaka miwili baadaye mama yangu akafariki. Kwetu mtani hakosi msibani. Hushika kazi ya kaburi na kuwachekesha wafiwa, hujilaza mlangoni jeneza lisitoke, humsema hata marehemu. Nilipokwenda makaburini kutazama, nilimkuta yeye ndani ya shimo, amezama mpaka kifuani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Makurunge. Akafuta mkono kwenye shuka akanipa.

"Pole sana, fundi."

Tangu tujuane hakuwahi kuniita fundi. Watu wamesimama wanamsubiri aanze utani, naye anatupa udongo tu. Basi nikaanza mimi.

"We mpagazi, shimo gani hili? Unapanda mgomba?"

Hakutabasamu. Alisimamisha mpini wa jembe akaupima na ukingo.

"Nitaongeza, fundi," akasema, akainama, akaendelea kuchimba.