Isale Halifungi Jalada

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nikiteremka na baiskeli kutoka kwetu mlimani Meru, madumu ya maziwa nyuma, nikiwapelekea wateja wangu wa Themi. Pembeni palikuwa na tope, basi nikashika lami. Pikapu ikapiga honi nyuma yangu, ikapiga tena. Ilipofika ubavuni, dereva akanitukana, nami kwa ulimi wangu wa ujana nikamrudishia. Akanikatia usukani makusudi. Nilizinduka nikiwa mtaroni, maziwa yamemwagika na paja limevunjika.

Nakueleza haya kwa sababu mama yako ameniambia umelazwa, mguu umevunjika, umegongwa kule Njiro na mtu aliyekasirika kwa kuwa ulimpita, na kwamba unajilaumu kwa sababu nawe ulimfokea. Pole sana, mwanangu. Acha kujilaumu. Neno baya hujibiwa kwa neno, au kwa kunyamaza, ambako ni bora zaidi, lakini halijibiwi kwa gari. Hasira ni zake, na hasara asikuachie wewe peke yako.

Ameniambia pia kwamba jamaa za yule bwana wanataka mmalizane kimyakimya. Hapo ndipo niliposhtuka.

Kwetu nako walikuja. Nilikuwa kitandani, mguu umefungwa, sijui kama nitaukanyagia tena. Akaingia mama wa dereva, mjane wa Engutoto, ameshika tawi la isale, ule mmea wa majani marefu. Wewe umekulia mjini, acha nikukumbushe: huku mlimani aliyekosa akikuletea isale kuomba msamaha, humkatai. Anayekataa hujitafutia laana. Yule mama alipiga magoti kando ya kitanda akaniomba nisimfungishe mwanawe wa pekee. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka. Baba akalipokea isale, akasema kesho angekwenda kituoni kuwaambia polisi kwamba yamekwisha. Wote tukaona huo ndio utu.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa kwenye kigoda chake anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Hilo isale limeupoza moyo wa mjukuu wangu," alisema. "Mfupa wake nao umelisikia?"

Baba akajibu kwa heshima kwamba mila ni mila. Bibi hakubishana na mila. Alimshika yule mjane mkono, akamwinua, akamketisha karibu naye.

"Isale tumelipokea, wala halirudi," akasema. "Lakini isale halifungi jalada la polisi. Lililotokea liandikwe lilivyotokea, na bima ya gari ilipe mguu huu. " Kisha akamgeukia baba. "La sivyo niambie, mwanangu, utauza ng'ombe mpaka lini kulipia hospitali?"

Baba alikwenda kituoni kesho yake, ila si kufunga jalada. Dereva alishtakiwa, akatozwa faini. Sisi tukafungua madai yetu. Bima walituzungusha, wakidai kwamba tendo la kusudi si ajali, mpaka wakili akatusimamia. Fidia ile ndiyo iliyolipia upasuaji wa pili, na bila huo ningekuwa mtu wa magongo hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, nisikie mkubwa wako, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe guu tayari limekuvunjika. Hakikisha polisi wamekupa PF3, ile fomu ya majeruhi, na daktari ameijaza. Majina ya walioshuhudia, picha, risiti za dawa, vyote mama yako avitunze. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Hakimu anaweza kuamuru ulipwe, lakini usiitegemee hiyo peke yake. Matibabu, siku ulizokosa kazi na maumivu yako unaweza kuyadai kwa kesi yako mwenyewe, kwa dereva, na hata mwenye gari kama si yeye, na bima nayo iulizwe. Huna pesa ya wakili? Wako watoa msaada wa kisheria wasiotoza kitu. Waulizie hata ofisi ya kata. Jamaa za yule bwana wasikusainishe karatasi ya kumalizana kabla daktari hajasema mguu utaishia wapi na mwanasheria hajaisoma. Wala usikae sana, kwa kuwa madai yana muda wake kisheria, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Msamaha wakiuomba, wape. Hauzuii haya yote, na haki yako haiufuti. Lile tawi mama yangu alilipanda getini, na sasa ni ua wa boma zima. Yule mjane alipofariki mwaka huu, mwanawe alinipigia simu mimi kabla ya wengi wa ukoo wake. Nilikwenda, na jeneza lilipoinuliwa nilitia bega langu, nikatembea kwa miguu yangu miwili kumzika mama aliyenipigia magoti.

Mungu akunyanyue kitandani, mwanangu. Akupe mguu wa kukanyaga ardhi na moyo usiobeba kinyongo, na siku moja uwasindikize hata waliokuumiza.