Sketi Moja, Kisha Nakata

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna aliyeweza kupinda sketi ya shule kama yeye. Ungeigeuza upande wa ndani, ukashindwa kujua ndani ni wapi na nje ni wapi. Alishonea sebuleni, kwenye cherehani ya kukanyaga iliyokaa chini ya dirisha. Pembeni yake, juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa cha kufuma, palikuwa na simu ya mezani ya rangi ya maziwa.

Simu ile iliwekwa kwa ajili ya wateja. Lakini wateja wa Mama Pindo walikuwa watu wa kupita na kugonga mlango, basi simu ikabaki ya dada yake.

Dada huyo alikuwa mkubwa wake, na ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani miguu yake ikiwa haijafika kwenye kanyagio. Siku hizi aliishi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, pamoja na binti yake muuguzi. Tangu apatwe na kiharusi, upande wa kulia ulilala na ulimi ukakataa. Mkono wa kushoto ulibaki, lakini ulikuwa dhaifu, hata kijiko uliangusha. Akili ilikuwa palepale. Maneno tu ndiyo yaliyokwenda.

Kila asubuhi yule binti alimwinua mama yake kwenye mito, akamwekea simu kitandani, upande wa kushoto. Ilikuwa simu ya mezani yenye spika, na kitufe kimoja kikubwa cha kuifungua na kuifunga. Mama Pindo alipopiga, binti alibonyeza kitufe, akasema, "Haya, mama mdogo, mkubwa wako huyu hapa, mimi nakimbia kazini," na mlango ukasikika ukifungwa. Kuanzia hapo mpaka binti arudi jioni, simu ilikaa wazi.

Mama Pindo hakuizoea ajabu ile, na wala hakutaka kuizoea. Alilaza mkono wa simu kwenye kitambaa, akaanza kushona, na nyumba ya dada yake ikaingia sebuleni. Alisikia saa ya ukutani ya kule. Alisikia njiwa wakikwaruza bati, pazia likigonga dirisha, na mvua ikinyesha kule wakati kwake jua linawaka. Chini ya hayo yote alisikia pumzi za dada yake zikipanda na kushuka. Mara nyingine alisimamisha gurudumu la cherehani ili azisikilize vizuri, akasema kimoyomoyo, Ee Mungu, waya mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo, umeupa nguvu gani hata ukaweza kubeba pumzi ya mtu?

Dada naye alisikiliza cherehani. Hili Mama Pindo alilijua kwa hakika, maana siku moja alipokosea mshono wa rinda, kabla hajaugundua mwenyewe, kwenye simu ilitoka sauti ya "mh!" Ilikuwa ile ile ya utotoni, ya kumwambia fumua uanze upya. Akafumua huku machozi yanamtoka na anacheka.

Mumewe, mpaka rangi aliyestaafu, alikuwa na mzaha wake. "Mmoja hasemi, mwingine anakanyaga cherehani. Umbea wenu huu, mama, utaniua kwa utamu."

"Nyamaza, shemeji yako anakusikia."

"Asikie! Shemeji, huyu mdogo wako amechoma ugali... samahani, amechoma shati langu kwa pasi!"

Na kule kwenye waya, pumzi zilikatika kidogo, kama mtu anayecheka bila sauti.

Mzaha uliisha siku bili ilipofika. Mume aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. "Mama, hapa pana makosa," alisema polepole. "Ulisema nyumba kwa nyumba ni bure."

"Ndivyo walivyosema walipotuuzia."

Walilipa, na kwa kulipa walimaliza akiba yote ya nyumba. Mume hakumfokea. Alisema tu, "Ya pili kama hii hatuiwezi. Ikija, watakata laini, na mimi sitakuwa na la kuwajibu." Maneno yale yalimchoma Mama Pindo kuliko makelele. Kukatwa laini ilikuwa ni kumwacha dada yake peke yake na kuta, kutwa nzima, kila siku.

Asubuhi yake akaenda ofisi ya simu. Karani wa dirishani, msichana mwenye miwani, alitazama kompyuta yake, akaivua miwani, akaivaa tena.

"Mama, simu moja, kutoka asubuhi hadi jioni. Na kesho yake vile vile. Huwa mnasahau kuikata?"

"Hatusahau, mwanangu. Tunakuwa pamoja, mimi na dada yangu."

Karani akamtazama. Kisha akavuta kiti karibu na dirisha, akamweleza taratibu, kama anayemfundisha mama yake.

"Kifurushi chako ni kweli cha nyumba kwa nyumba. Ukipiga simu ya mezani ya kampuni yetu, hulipi kitu. Ila hiyo bure ni saa moja ya kwanza ya kila simu. Ikizidi hapo, kila dakika inahesabiwa, na inahesabiwa ghali."

"Kwa hiyo nimpigie mara moja tu kwa siku?"

"Hapana, mpigie utakavyo! Kata kabla saa haijatimia, halafu piga tena. Hiyo ni simu mpya, na saa yake inaanza upya. Na kama huyo dada ana mtu mwenye simu ya mkononi, usiipige kutoka kwenye hii ya nyumbani. Ya mkononi haimo kwenye kifurushi, hata sekunde moja."

"Basi ni kukata na kupiga tu?"

"Ni hivyo tu, mama."

Mama Pindo alirudi nyumbani kwa miguu, na jambo lile dogo lilikuwa zito kifuani. Kwao, tangu enzi za mama yao, mdogo haondoki mbele ya mkubwa mpaka mkubwa aseme, "Haya, nenda." Na simu walikuwa wameikata hivyo hivyo miaka yote. Dada anasema, "Haya, nenda," ndipo yeye anaweka mkono wa simu. Tangu kiharusi, lile neno halikutoka tena, na yeye hakuwahi kukata. Angeanzaje leo, kumfungia dada yake mlango usoni? Na akishakata, nani atabonyeza kile kitufe? Mkono unaoangusha kijiko?

Alimweleza mumewe. Safari hii mzee hakuwa na mzaha. "Mwambie mwenyewe," alisema. "Ni mtu mzima, na masikio anayo."

Kesho yake binti alifungua simu, akaaga, mlango ukafungwa. Mama Pindo aliinama karibu na mkono wa simu.

"Dada, shikamoo. Nisikilize. Simu hii ikizidi saa moja wanatutoza, na tukitozwa tena watatukatia kabisa. Kwa hiyo nitashona sketi moja. Marinda, zipu, mkanda wa kiuno, pindo. Sketi moja kwangu haifiki saa, wewe unajua, ndiwe uliyenifundisha. Pindo likiisha, nakata, kisha napiga tena. Nikipiga, kuna kitufe hapo mkononi mwako. Jaribu, dada. Na unisamehe kwa kukukatia."

Pumzi tu. Saa ya ukutani. Njiwa.

Akaanza. Marinda yakakaa. Zipu ikaingia. Mkanda ukashika. Lakini alipolikunja pindo, mguu ulikuwa mzito kwenye kanyagio kana kwamba anakanyaga kwenye tope. Alishona polepole kuliko siku zote. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Pindo likazunguka, likazunguka, likakutana na lilipoanzia. Akarudisha mshono nyuma kidogo kuufunga. Akakata uzi.

Akaunyoosha mkono kwenye simu, na mkono ukagoma. "Siwezi," alinong'ona. "Baba, siwezi kumkatia."

Hapo ndipo kwenye simu ikasikika sauti ya shuka ikiburuzwa. Kitu kikagonga plastiki, kikateleza, kikagonga tena. Kisha, klik.

Njiwa wakanyamaza. Saa ikanyamaza. Dada yake alikuwa amekata.

Mama Pindo alibaki ameduwaa, sketi mapajani. Dada alikuwa ameusikia uzi ukikatwa! Kutoka mji ule wa mbali, alisikia pindo limeisha, akajua mdogo wake hataweza, akaunyanyua mkono ule ule unaoangusha kijiko, akampa ruhusa. Haya, nenda. Alilisema bila ulimi.

"Mungu wangu," Mama Pindo alisema. Alilisema tena na tena.

"Mpigie," mumewe alisema kwa sauti ya chini, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mpigie, mama, shemeji asingoje."

Alibonyeza namba moja moja. Ikaita. Ikaita. Wote wawili walikuwa wameinama juu ya stuli, vichwa vikigusana. Ikaita tena, na tena, mpaka Mama Pindo akafumba macho.

Klik.

Saa ya ukutani. Pazia. Njiwa juu ya bati. Na pumzi, safari hii za haraka, za mtu aliyefanya kazi ngumu, na ndani yake kile kicheko kisicho na sauti.

Mama Pindo alifuta uso kwa ncha ya kanga, akachukua kitambaa cha sketi ya pili, akakiweka chini ya sindano, na kule mbali dada yake akatulia kusikiliza.