Kazi Tatu kwenye Mstari Mmoja

Wiki iliyopita, kwenye kaunta ya uhamiaji hapa Guangzhou, mzee Mfaransa aliyekuwa mbele yangu alijaza kazi tatu kwenye fomu: mwandishi, profesa, mwigizaji wa filamu. Askari akaifunga pasipoti yake, akaweka kiganja juu. Akauliza kitu kwa Kichina.

"Anauliza wewe ni nani hasa," mama mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa kwenye foleni, anayejua Kichina cha sokoni, akamtafsiria mzee.

"Wote watatu," mzee akajibu. "Kwenye filamu huwa nauawa mapema, nawahi kurudi darasani."

Mama hakucheka. "Papa, futa. Andika mwalimu tu."

Akafuta, akaandika mwalimu. Pasipoti ikarudishwa kwa mikono miwili.

Zamu yangu ikafika. Mimi ninayewatumia safu hii ya gazeti kwa faksi nilikuwa nimejaza "muuza mashati", na askari hakuniuliza kitu. Kati yangu na yule mzee, mwigizaji alikuwa mimi.