Baba Aliniozesha kwa Sharti la Timu

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana Tanga ni ndogo na baba yangu anajulikana na kila aliyewahi kukaa jukwaani. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, niliachika nikiwa kijana, naishi Maramba nikimtunza baba yangu ambaye ni mzee sana. Mnabishana humu kila siku kama wachezaji bado wana mapenzi na timu. Mapenzi hayo ndiyo yaliyonivunjia ndoa.

Enzi zile za foleni ya sukari timu yetu ilikuwa moto, na timu kubwa za Dar zilikuwa zinawanyemelea wachezaji wetu. Kwa hiyo usajili ukikaribia, wanachama waliwaficha. Mchezaji anachukuliwa kimyakimya, anapelekwa shamba kwa mwanachama, anakula na kulala huko mpaka usajili ufungwe. Kwetu aliletwa winga mmoja, nimwite Bakari, ingawa si jina lake. Mimi ndiye niliyempelekea chai na mihogo. Baba alimficha asionwe na watu wa Dar, akasahau kwamba ndani ana binti.

Bakari alipoleta posa, baba hakutaka makuu. Alisema mbele ya wazee, "Mahari mpe mwenyewe atakachoridhia. Mie nina sharti moja tu, jezi yetu huivui. Siku ukivaa ya watu, mwanangu arudi kwangu." Watu wakacheka wakidhani ni utani. Baba hakucheka. Aliagiza msahafu, Bakari akala yamini pale pale. Mimi nilikuwa chumbani nasikia, na nilifurahi jamani, nikaona nimepata mwanamume mwenye msimamo.

Tukahamia mjini. Bakari aliajiriwa kiwandani kama wenzake, asubuhi kazini, jioni mazoezini, na maisha yakaenda. Kisha tukaambiwa sasa ni soko huria. Maduka yakajaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu, kiwanda kikashindwa kuuza vyake. Mishahara ikachelewa, watu wakapunguzwa, mwisho geti likafungwa. Timu ikabaki jina. Mume wangu anatoka mazoezini na njaa, mimi nina mimba changa, tunakunywa uji asubuhi na jioni. Usajili ulipofika, watu wa Dar walikuja mchana kweupe, na safari hii hakuna mwanachama aliyejitokeza kumficha mtu. Bakari alikaa kitandani akaniambia, "Nimekula yamini, ndiyo. Sasa na mtoto nitamlisha yamini?" Nilimwambia aende.

Baba alisikia habari redioni. Kesho yake alikuwa mlangoni kwetu, hakukaa wala hakunywa maji.

"Funga vitu vyako."

"Baba, nina mimba."

"Mimba italelewa. Mie sikukuoza kwa mtu wa Dar."

Bakari alimpigia magoti, mtu mzima na majirani wanatazama, lakini baba alinirudisha Maramba siku ile ile. Alikataa kuniacha kwa miezi mingi, wazee wakaingia kati, kila kikao baba anauliza neno moja tu, "Hukuapa?" Mwisho Bakari alichoka, akatoa talaka moja. Nililia mpaka, binti yetu alipozaliwa, watu wakasema kazaliwa na macho yaliyovimba kama yangu. Baba alikuwa akisikiliza mpira redioni, mtangazaji akimtaja Bakari, anazima. Mtoto akiuliza mbona mpira umeisha, mimi naenda zangu jikoni.

Bakari alioa huko Dar, mkewe akafariki. Sasa amerudi, anaishi Muheza, goti bovu, ana shamba la michungwa. Amemtuma binti yetu aniambie anataka turudiane kwa ndoa mpya, na anataka baba aniozeshe mwenyewe kama mara ya kwanza. Kafara ya kile kiapo anasema aliitoa zamani, alilisha maskini. Na mimi sioni haya kuwaambia kwamba nampenda. Sijawahi kuacha kumpenda.

Nikawa natafuta siku nzuri ya kumweleza baba. Wiki iliyopita tulikuwa tunatazama mpira kwenye runinga, akaonekana kijana aliyekuwa timu yetu msimu uliopita, yule aliyekuwa akifunga anabusu nembo. Leo yuko na jezi nyingine. Nikajua mzee atafura. Wapi! Alicheka, akasema, "Mwache kijana atafute riziki. Mpira ni kazi siku hizi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri maneno yale yatoke kinywani mwake. Nikasema taratibu, "Baba, na Bakari je? Naye si alitafuta riziki?"

Alichukua rimoti, akazima runinga. "Hawa si wangu, mwanangu. Hawa waja na waenda, hata kwao sikujui. Bakari nilimficha nyumbani mwangu, nikampa na wewe. Usinitajie tena." Kisha nikaona analia. Baba yangu, ambaye hata siku tulipomzika mama sikuona chozi lake.

Niliumia kwa namna nisiyoweza kuieleza. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, na hilo nalo nimelikosa.

Sheikh amenieleza kwamba baba akikataa bila sababu ya kisheria, kadhi anaweza kuniozesha. Bakari anangoja jibu. Binti yangu ananiambia, "Mama, olewa, umengoja vya kutosha." Baba tangu siku ile haniongeleshi, anakula akitazama ukutani, na mimi ndiye ninayemmegea ugali na kumwogesha. Nikienda Muheza, atahesabu kwamba nami nimehama. Nikibaki, nitamzika, halafu nizeeke peke yangu kwa ajili ya jezi ambayo wenyewe siku hizi wanaivua kila msimu. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini, lakini tafadhali, msimtukane baba yangu.